Kibushi cha Mayotte

Natuitazame kadhia moja ya Bahari yetu ya Hindi. Mfanyabiashara wa Komoro afikaye Kariakoo kununua robota la kanga huafikiana bei na mwenye duka bila taabu kubwa, kwani Kikomoro na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja. Lakini katika kisiwa jirani cha Mayotte, mkoa wa Ufaransa tangu 2011, vimo vijiji visemavyo Kibushi, yaani Kisakalava na Kiantalaotsi, ndimi mbili za nasaba ya Kimalagasi, ambayo asili yake ni Borneo, ng'ambo ya bahari nzima.

Yatuhusu nini? Mzaramo wa Dar es Salaam aijua hali ya lugha ndogo kuzungukwa na kubwa.

Wapo wasemao, wala si bila hoja, kwamba huko Mayotte Kifaransa kitoshe shuleni, kwani ndicho kiletacho kazi. Kwa upande wa pili, mtoto afundishwaye kwa lugha asiyoisikia nyumbani huanza masomo nyuma ya wenziwe. Na hoja hii, kwa rai yangu, ndiyo nzito.

Basi nawauliza: dhamana ya kuhifadhi Kibushi, na Kizaramo vilevile, ni ya serikali, ama ya wazazi?