Habari za Merikebu ya Angani R101



Tumetakiwa tunene habari za kubuni merikebu za angani, nasi tumechagua moja tu, R101 ya Waingereza, kwa kuwa mna mafunzo ndani yake yatupasayo sisi tushikao kalamu.

Asili ya chombo hiki ni hesabu. Gesi ya haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, na kila futi 1,000 za ujazo wake huinua karibu ratili 70. Mwenye kubuni hupiga jumla ya nguvu ya gesi, kisha hutoa uzito wa mifupa ya chuma, injini, mifuko ya gesi na kitambaa cha nje. Kinachosalia ndicho cha watu, mafuta na mizigo.

R101 ilijengwa na serikali yenyewe huko Cardington. Ilitazamiwa kubakiza tani 60; ilipopimwa mwaka 1929 zilipatikana tani 35 tu, kwani mifupa yake na injini zake tano za dizeli zilizidi uzito. Basi wakalegeza nyaya zilizoshika mifuko, ili ijae zaidi. Lakini mifuko iliyolegezwa ikasuguana na mifupa, ikatoboka.

Tarehe 3 Julai 1930, mkaguzi wa serikali pale Cardington, Bwana McWade, aliandika barua kwa Wizara ya Anga. Alisema mahali pa kusuguana ni maelfu, kwamba kuviringisha vitambaa si dawa, na kwamba yeye hawezi kupendekeza chombo kipewe cheti kingine. Mkubwa wake akawauliza walewale waliokuwa wakikijenga. Wakajibu kwamba vitambaa vitatosha. Barua haikupanda juu zaidi.

Baadaye chombo kilikatwa katikati, kikaongezwa sehemu moja ya gesi, urefu ukawa futi 777. Kikajaribiwa mara moja tu, tarehe 1 Oktoba, pasipo kwenda mbio zake zote. Waziri wa Anga, Lord Thomson, alitaka kufika India na kurudi mwezi uo huo. Wakaondoka jioni ya tarehe 4 katika hali mbaya ya hewa, na usiku ule chombo kikaanguka karibu na Beauvais, Ufaransa, kikawaka moto. Katika watu 54 walikufa 48, naye Waziri miongoni mwao.

Baraza la uchunguzi la mwaka 1931 liliona kwamba yaelekea gesi ilivuja upande wa mbele. Likasema pia kwamba safari isingalianza jioni ile lau si haja za serikali.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba barua ile peke yake ingaliwaokoa watu wale. Twasema kwamba ilistahili kusomwa na mwenye amri ya kuzuia safari. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; na ufa huu ulikwisha andikwa, ukatiwa tarehe na sahihi. Mshitakiwa hawi kadhi wa kesi yake mwenyewe, wala lalamiko halifai kufungwa kwa jibu la yule anayelalamikiwa.

Nasi kila siku twapokea barua, twazitia namba, twazipeleka. Tusidhani kwamba kazi hiyo ni ya mikono tu. Huenda katika faili lililo mezani petu mna roho za watu, nao hawatatujua kamwe.