Dada, Mpwa na Kiti cha Utawala: Uwanda wa Makonde na Riwaya ya Fantasia ya Kiutendi

Fantasia ya kiutendi ni riwaya ndefu inayojenga ulimwengu wake wenyewe, wenye historia, sheria na nguvu za ajabu, na ambamo hatima ya nchi nzima imo mashakani. Mhadhara huu unahusu tawi lake moja, lile ambalo mhusika mkuu ni mwanamke anayelazimika kupita katikati ya njama za wakubwa. Mfano mmojawapo ni riwaya ya N. K. Jemisin, The Hundred Thousand Kingdoms, iliyotoka Marekani mwaka 2010, ambamo kijana Yeine anaitwa na babu yake na kutajwa mrithi pamoja na jamaa zake wawili, kwa kuwa mama yake ndiye aliyewahi kuandaliwa kurithi. Kiswahili nacho kina nchi yake ya kubuni tangu Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Lakini mle mshtakiwa, mshtaki, mfalme na wajumbe sita wanaosimuliwa wote ni wanaume. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mwandishi anayetaka kulijaza pengo hilo hana haja ya kuazima malkia wa Ulaya, kwa sababu Newala na Masasi, kusini-mashariki mwa Tanzania, zilikuwa na mfumo wa mamlaka ambao fitina zake zote zilimzunguka mwanamke.

Wamakonde, Wayao na Wamakua wa sehemu hizi walifuata ukoo wa kuukeni, yaani mtoto alihesabiwa kuwa wa ukoo wa mama yake, msimamizi wake akawa mjomba, na kiti cha mkuu kikamwendea ndugu wa tumbo moja au mpwa aliyezaliwa na dada, wala si mwana wa kuzaa. Wamakonde hawakuwa na mfalme mmoja, bali kila mkulungwa, yaani mkuu wa eneo dogo, alijitegemea. Kwa Wayao, heshima ya mkuu ilipimwa kwa mbumba yake, yaani kundi la dada na wapwa wa kike walio chini ya ulinzi wake. Na kwa Wamakua, walioenea pande zote mbili za mto Ruvuma, apwiyamwene, mama mkubwa wa ukoo wa mkuu, alitambika kwa unga na kusikilizwa katika suala la nani arithi.

Ni kosa, hata hivyo, kuuita mfumo huu utawala wa wanawake, kwa maana mamlaka yalipitia kwa mwanamke na mara nyingi yakashikwa na mwanamume. Katika mwanya huo ndimo riwaya inamoweza kuishi: kuna baba anayetamani mwanawe arithi asichokuwa na haki nacho, mjomba anayemwona mpwa kuwa mrithi na mshindani kwa wakati mmoja, na dada ambaye bila tumbo lake kaka hana mrithi.

Karne ya 19 iliutikisa mfumo huo. Mwanamke aliyetekwa na kupelekwa mbali hakuwa na kaka wa kuwadai watoto wake, hivyo mume aliweza kuwafanya wafuasi wake mwenyewe, na biashara ya watumwa ikawapa wakuu njia ya kuikwepa sheria ya kuukeni. Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliweka mwaka 1876 kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, ilikuwa makazi ya watu waliotenganishwa na wajomba zao. Mwaka 1882 Wangoni wakakivamia kijiji hicho na kuchukua mateka wapya. Machemba, mkuu wa Kiyao aliyekaa kwenye Uwanda wa Makonde, alimkatalia kamishna wa Kijerumani Hermann von Wissmann utii mwaka 1890 kwa barua ya Kiswahili, na mwaka 1899 akavuka Ruvuma. Barua za wanaume zimehifadhiwa, lakini mashauri ya dada zao hayakuandikwa, na kwa sababu hiyo kazi ya kuyafikiria upya kwa uaminifu ni ya mtunzi.

Hata ajabu inayohitajiwa na fantasia ipo. Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia wa Kijerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika masimulizi ya Mahuta, huko uwandani, juu ya mtu wa kwanza, aliyechonga sanamu ya mti ambayo usiku iligeuka mwanamke. Watoto wao wawili walizaliwa wafu mabondeni, na wa tatu, aliyezaliwa uwandani, akaishi. Masimulizi hayo ni katiba ya nchi: yanaamuru watu wakae juu, mbali na maji, na mzigo wa amri hiyo ukabebwa kichwani na wanawake walioshuka mabondeni kuteka maji. Jando na unyago, kwa kuwagawia wanaume na wanawake siri tofauti, vinaonyesha kwamba kujua kisichojulikana na wengine ni mamlaka.

Kwa hiyo vyuo vikuu vina wajibu wa kukusanya masimulizi ya wanawake wazee wa uwandani kwa ridhaa yao, huku siri za unyago zikiachwa kwa wenyewe, na watunzi wana wajibu wa kuyasoma kama fikra za kisiasa. Riwaya itakayotoka humo itamuuliza kila anayedai kiti mama yake ni nani, na itampa mama huyo nafasi ya kujibu.