Soketi za Banda la Gari: Tubane Wapi, Tusibane Wapi

(Mazungumzo kwa kamati za parokia na wafadhili)

Tunapenda kuzungumzia jambo dogo ambalo husahaulika katika bajeti nyingi: soketi za umeme.

Hapa Tanzania, banda la gari la nyumbani mara nyingi halina gari. Ndimo kijana aliyehitimu ufundi anamoanzia kazi: cherehani upande huu, meza ya useremala upande ule. Kamati humpa vifaa vya kuanzia, nasi sote hufurahi. Lakini banda lina taa moja tu. Hivyo ekstensheni huvutwa kutoka sebuleni kupitia dirishani, na nyingine ikachomekwa juu yake. Waya mwembamba ukizidiwa hupata moto, hasa ukiachwa umeviringishwa. Msaada uliotolewa kwa nia njema unaweza kuunguza nyumba ya familia ile ile tuliyotaka kuiinua.

Tuanze na hesabu. Umeme wa majumbani ni volti 230. Jumlisha wati za vifaa vitakavyotumika kwa pamoja, gawanya kwa 230, utapata ampia. Pasi ya wati 1,000, drili ya wati 600 na mota ya cherehani ya wati 100 ni wati 1,700, yaani ampia 7.4 hivi. Kwa kazi hiyo, banda lililo karibu na nyumba huhitaji njia moja tu kutoka kwenye meni swichi: waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampia 20, na soketi pacha mbili. Banda likiwa mbali, waya uwe mnene zaidi. Mashine ya kuchomelea ipewe njia yake, baada ya fundi kupima.

Tubane wapi? Tupunguze idadi ya soketi, tuziweke pale kazi inapofanyika. Bomba la plastiki lipite juu ya ukuta, tusigharimie kuchimbua ukuta na kupiga lipu upya. Mtaro wa kupitishia waya ardhini, vijana wa jumuiya wanaweza kuuchimba kwa kujitolea, kwa kina atakachoelekeza fundi. Soketi za ziada zisubiri mapato ya kazi yenyewe.

Tusibane wapi? Kwanza, waya wa ethi na nondo yake ardhini. Pili, kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Breka ya kawaida hulinda waya, haimlindi mtu aliyeshika chuma chenye umeme. Tatu, fundi mwenye leseni ya EWURA. Aionyeshe kabla ya kuanza, na apime kazi kabla ya kulipwa fedha ya mwisho. Breka ikikatika mara kwa mara, dawa si kuweka kubwa zaidi. Inatuonya kwamba mzigo umezidi au kuna hitilafu. Vivyo hivyo, fyuzi ya plagi isibadilishwe kwa kipande cha waya au msumari.

Kama banda bado linalaza gari au pikipiki, soketi ziwe juu, usawa wa meza ya kazi au zaidi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutanda karibu na sakafu, na cheche ndogo ya plagi inaweza kuuwasha.

Ndugu wajumbe, tunawaomba mambo mawili. Kila ombi la vifaa vya ufundi litanguliwe na ziara ya kukagua umeme wa mahali vitakapotumika. Na katika bajeti, gharama ya umeme iandikwe mstari wake, kando ya gharama ya mashine. Fedha zisipotosha vyote, tununue mashine moja pungufu.

Nanyi marafiki wafadhili, tunajua soketi haipendezi kwenye picha kama cherehani jipya. Hata hivyo tunawasihi msiukate mstari huo. Ndio unaomwezesha kijana kufanya kazi mchana kutwa, na mama yake kulala usiku bila hofu.