Kugawa Kidogo Tulichonacho
Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi

 

 Historia ya kikundi ataisoma katibu, na mapato na matumizi atayasoma mhazini, hivyo mimi sitayarudia. Wajumbe wa kamati wameniomba nieleze jambo moja ambalo wageni hutuuliza kila mara: sanduku lenyewe ni dogo, kufuli zake ni tatu, lakini watu wanakopa, wanalipa, na kazi zinakwenda. Linatosha vipi?

Jibu langu ni kwamba halitoshi. Halijatosha hata siku moja. Tumejifunza kulipangia.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa hapa jirani Butiama, mwaka 1969 alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano aliipa hotuba yake jina Kupanga ni Kuchagua. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini maneno hayo matatu tuliyakuta shuleni na mpaka leo hakuna aliyetupa mengine mafupi zaidi. Ukichagua hiki, kile umekiacha. Sasa utajuaje kwamba ulichokiacha ndicho kilichostahili kuachwa? Hapo ndipo hesabu inapoingia.

Nianze na foleni ya mikopo, maana ndiyo iliyotaka kutugawa. Januari kila mtu anataka ada na sare za shule. Giza likiingia, mitumbwi inashuka ziwani na wachuuzi wa dagaa wote wanataka mtaji siku hiyo hiyo. Fedha ni ile ile. Zamani tulikuwa tunampa aliyetangulia kuomba, na tukaona ni haki. Kumbe tazameni. Tuseme zipo shilingi 100,000 na wanaozitaka ni watatu. Wa kwanza anazihitaji wiki tano, wa pili wiki mbili, wa tatu wiki moja tu. Ukianza na wa wiki tano, wa pili atangoja wiki tano na wa tatu atangoja wiki saba. Jumla ya kungoja ni wiki 12. Sasa geuza: anza na wa wiki moja, halafu wa wiki mbili, mwisho wa wiki tano. Mmoja hangoji kabisa, mwingine anangoja wiki moja, mwingine wiki tatu. Jumla wiki nne! Fedha ni zile zile na watu ni wale wale.

Tulipoleta utaratibu huu kulikuwa na maneno. Mama mmoja alisimama akasema wenye mikopo mifupi wanapendelewa. Hakukosea sana jamani, maana mwenye mkopo mrefu akirukwa kila mara, siku yake haitafika. Kwa hiyo tuliongeza kifungu: asiyepata zamu mara mbili mfululizo, mara ya tatu anakuwa wa kwanza, hata kama mkopo wake ni wa miezi mitatu. Na ugonjwa haupangwi foleni, una mfuko wake wa jamii. Hesabu ni nzuri lakini haina jirani wala msiba, sisi tunavyo.

Sasa nije kwenye mtaji wenyewe, na hapa naomba tusikilizane kwa sababu kuna jambo la kuamua.

Binti wa mwenzetu anayesoma uhasibu ndiye aliyetufundisha hesabu hii, kwa punje za maharage na mahindi, tukiwa tumekaa chini ya mti. Anasema mwaka 1938 Mrusi mmoja aitwaye Leonid Kantorovich aliombwa na watu wa kiwanda cha plaiwudi awasaidie kugawa kazi kwenye mashine zao, ili zitoe mbao nyingi kadiri inavyowezekana. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig, aliyekuwa akifanya kazi na jeshi la anga, alipata njia ya kuikokotoa hesabu ya namna hiyo hatua kwa hatua. Kantorovich alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975. Sisi mashine zetu ni mikono, lakini swali ni lile lile: fedha zina mwisho, siku zina mwisho, nifanye kipi na kipi, kiasi gani?

Tuchukue mama na wifi yake. Kwa miezi miwili wana shilingi 600,000, na wakiondoa shamba, kuni na watoto, wanabakiwa na siku 36 za kazi. Wanaweza kununua dagaa wabichi mwaloni wakaanika, au kununua mihogo wakatengeneza udaga. Bei nazitaja za mviringo ili tuhesabu kwa urahisi, msije mkaniambia sokoni ni tofauti. Gunia la dagaa linataka shilingi 60,000 na siku mbili, faida yake 15,000. Gunia la udaga linataka shilingi 30,000 tu, lakini kumenya, kuvundika, kuanika na kuponda kunakula siku tatu. Faida yake 12,000.

Wengi wetu tunasema dagaa! Faida ni kubwa. Haya, fedha yote iende kwenye dagaa: magunia 10, faida 150,000. Lakini hayo yamekula siku 20 tu. Siku 16 wamekaa. Mwingine anasema udaga, mtaji wake mdogo. Haya, siku 36 zinatoa magunia 12, faida 144,000, na shilingi 240,000 zimelala ndani ya kanga.

Sasa toeni punje moja ya dagaa. Zimerudi shilingi 60,000 na siku mbili. Fedha hiyo inatosha magunia mawili ya udaga, yanayotaka siku sita. Kwa hiyo tumechukua siku nne katika zile zilizokuwa zimekaa bure. Tumepoteza 15,000, tumepata 24,000. Tumeongeza 9,000. Rudieni tena, na tena, mpaka siku 16 ziishe. Ni mara nne. Mnafika kwenye magunia sita ya dagaa na manane ya udaga. Fedha imekwisha, siku zimekwisha, na faida ni 186,000.

Jaribuni kutoa punje ya tano muone. Siku zilizorudi ni mbili tu na hakuna nyingine, hazitoshi hata gunia moja la udaga. Unapoteza 15,000 kupata kama 8,000. Hapo unasimama. Mimi jambo lililonipendeza kwenye hesabu hii ni kwamba inakuambia mahali pa kusimama.

Tena inakuambia na kitu kingine. Siku nne zilituletea 9,000, maana yake kwa mama huyu siku moja ya kazi ina thamani ya shilingi 2,250. Jirani akitaka kibarua cha 2,000, mwite. Akitaka 3,000, mshukuru na uendelee mwenyewe. Na fedha nazo? Akiongezewa shilingi 60,000, mpango mzuri unakuwa magunia saba na nusu ya dagaa na saba ya udaga. Faida inapanda mpaka 196,500. Ameongeza 10,500, hazizidi hapo.

Hapa ndipo ninapotaka kufika, akina mama. Anakuja mtu na pikipiki, ana fedha mkononi, hataki mdhamini. Tuseme anataka riba ya kumi kwa mia kila mwezi, na wengine wanataka zaidi ya hapo na wanaidai kila wiki. Kwa miezi miwili, riba ya shilingi 60,000 ni 12,000. Umepata 10,500, umelipa 12,000. Umefanya kazi kwenye jua miezi miwili ili umpe mtu shilingi 1,500 zako. Ndiyo maana watu wameiita mikopo hiyo kausha damu. Tumeona vitanda na masufuria vikitolewa nje, hapa hapa kwetu, na mwenye navyo alikuwa mchapa kazi kuliko mimi. Aliyemkopesha hakumpigia hesabu ya punje, na yeye hakupata wa kumpigia. Kuanzia leo kamati itampigia kila mwanachama atakayeomba kabla hajaweka dole gumba mahali popote. Hakuna malipo.

Upo mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 ukarudishwa mwaka 2024. Ule, faida yote inabaki kwako. Lakini hata huo, bila kujua siku zako za kazi ni ngapi, utajikuta una fedha zisizo na mikono.

Nimalizie na chanja yetu ya pili.

Wote mnajua dagaa wa mchangani bei yake, na wa chanja bei yake. Mvua ikinyesha, wa chini wanaoza. Mnajua pia kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi haiendi, dagaa hawaifuati taa, na giza likipita unangoja mpaka giza jingine. Kwa hiyo tarehe ya chanja kwisha ni fedha. Kazi zake ni sita. Kupata eneo kwa serikali ya kijiji, siku 14. Kukusanya nguzo na fito, siku sita. Kwenda Mwanza kununua wavu na kurudi, siku nne. Kuchimba mashimo siku tatu, kusimika nguzo siku mbili, kufunga fito na wavu siku tatu. Tukifanya moja baada ya nyingine ni siku 32. Lakini nguzo hazingoji eneo, na wavu hauhitaji shimo. Kinachongojana kweli ni eneo, mashimo, kusimika na kufunga: siku 22. Siku kumi tulizookoa ndizo zinazotufikisha kabla ya giza kuingia.

Hivyo basi, kinachotakiwa kukimbizwa ni barua ya eneo. Ikichelewa siku moja, chanja nzima imechelewa siku moja. Nguzo zinaweza kuanza hata siku 11 baadaye na hakuna kitakachoharibika. Na wavu tutaondoka kuufuata siku ya 15 kamili ikishapita, urudi siku ya 19, siku nguzo zitakapokuwa zimesimama. Fedha yake hadi wakati huo inabaki sandukuni, ikikopeshwa kwa wale wa mikopo ya wiki moja. Msiniulize kwa nini hatununui wavu leo.

Wazee wetu walitusimulia habari za karanga za Waingereza: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walianza kufyeka Kongwa mwaka 1947, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kula kama pauni milioni 36. Matrekta yalifika wakati udongo haujapimwa vya kutosha na mvua haijajulikana vizuri. Fedha hawakukosa. Waliweka mwishoni jambo la mwanzoni. Sisi hatuna pauni milioni 36, kwa hiyo barua ya eneo inakwenda Jumatatu asubuhi, na atakayeipeleka ni katibu pamoja na wajumbe wawili.

Karatasi ya zamu za kazi imebandikwa mlangoni, kwenye kitasa upande wa kulia. Wasiojua kusoma watasomewa na mhazini. Wa nguzo wako juu, wa mashimo katikati, wa wavu chini. Kila mmoja aangalie jina lake kabla chakula hakijapakuliwa, na asiyeweza siku aliyopangiwa aseme leo, tubadilishane nikiwa bado hapa.

 Sasa namkaribisha mhazini asome hesabu.