Kuonja Divai za Italia

Leo tuzungumze juu ya divai za Italia na jinsi ya kuzionja. Najua wapo watakaosema, "Sisi hatunywi, tuzime redio." Msizime. Waonjaji wa kazi hiyo wenyewe hawamezi. Husukutua mdomoni, kisha wakatema katika ndoo. Na ninyi wa Dodoma, mnaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo hili linagusa mfuko wenu. Anayenunua zabibu zako anafikiria ladha itakayotoka chupani, na wewe ukiijua ladha hiyo hutaburuzwa katika bei.

Kuonja kwenyewe si kazi ngumu. Mimina kidogo katika bilauri safi, uishike mbele ya karatasi nyeupe, utazame rangi. Izungushe taratibu, halafu nusa kabla hujanywa. Kisha piga funda dogo, ulisambaze mdomo mzima. Angalia mambo matatu: utamu, uchachu kama wa ukwaju, unaoleta mate, na ukakasi, yaani ule mkauko unaoshika ulimi na fizi kama umekula bibo. Ukakasi hutoka katika maganda na kokwa za zabibu. Wengi wakikutana nao mara ya kwanza husema divai imeoza. La, divai iliyoharibika utaijua mara nyingi kwa harufu ya siki.

Basi, twende Italia. Nchi ile ina mikoa 20, na yote inalima mizabibu. Tuanze kaskazini, mkoa wa Piemonte, penye divai ya Barolo. Hii hutengenezwa kwa zabibu aina ya Nebbiolo, ambayo huchelewa kuiva. Mara nyingi huvunwa mwezi wa Oktoba, vilima vikiwa vimefunikwa na ukungu. Rangi yake si nzito, na mtu asiyejua atadhani ni divai nyepesi. Akionja, ukakasi unamkamata! Ndiyo maana sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, na 18 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mti, ili ukali upungue. Sheria hiyo hiyo inamwambia mkulima asivune zaidi ya tani 8 kwa hekta. Vishada vikizidi, ladha hupungua kama chai iliyotiwa maji mengi. Kwa hiyo wakulima wa kule hukata vishada vingine vingali vibichi na kuviacha chini. Inauma kuona, lakini hulipa.

Ukishuka Toscana utakuta Chianti, ya zabibu za Sangiovese. Hiyo sifa yake ni uchachu. Wenyeji huinywa na nyama ya kuchoma, na uchachu ule hukata mafuta mdomoni, kama sisi tunavyokamulia ndimu.

Katika mkoa wa Veneto wana Amarone. Zabibu zikishavunwa hutandazwa darini penye upepo, zamani juu ya chanja za matete, zikakaa miezi mitatu hivi. Hupoteza theluthi moja ya uzito au zaidi, sukari ikabaki imekolea. Kishada kimoja kikiingia ukungu huambukiza jirani zake, kwa hiyo vilivyopasuka havipandishwi darini. Divai yake ni nzito, yenye kilevi cha asilimia 14 na kuendelea. Mimi naona funda mbili zinatosha.

Majina haya ya mahali yanalindwa. Tangu mwaka 1963 Italia ina sheria inayosema divai yenye jina fulani itoke eneo gani na kwa zabibu zipi. Lakini mwaka 1986 wafanyabiashara fulani walitia methanoli katika divai ya bei rahisi ili kuongeza kilevi. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine wakapofuka. Nchi za nje zikakataa divai ya Italia, na mkulima aliyelima kwa haki akakosa mnunuzi pamoja na mwizi.

Sasa, kwa shamba lako. Mkulima wa Piemonte haanzi kuonja chupani. Siku zikikaribia za kuvuna hupita kati ya mistari, akachuma punje kutoka vishada vya juani na vya kivulini, kwa sababu haviivi pamoja. Huzitafuna polepole: kwanza maji, halafu ganda, mwisho kokwa. Ganda likikwaruza sana na kokwa ikiwa bado ya kijani na chungu, hata kama maji ni matamu, husubiri na kuonja tena baada ya siku chache. Kokwa ikiwa ya kahawia, ikivunjika kama karanga iliyokaangwa, huita watu na vikapu.