Mazungumzo: Gharama ya Kuweka Nyumba Rehani



Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakueleza matanga hayo hugharimu shilingi ngapi, na hilo ndilo jambo ambalo mfanyakazi mwenye nyumba hapana budi alihesabu kabla hajatia sahihi.

Mwalimu aliyejenga kwa miaka kumi na mitano, mabati kumi mwaka huu na kumi mwaka ujao, huwa na mali inayozidi kwa mbali mshahara wake wa mwaka. Nyumba hiyo ikithaminiwa shilingi milioni 60, na ikawa bado ina deni la milioni 20, basi milioni 40 ni thamani iliyo huru, nayo inaweza kuwekwa rehani. Katika Tanzania kazi ya kukopesha fedha za nyumba ilikuwa ya Benki ya Nyumba (THB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, hadi ilipofungwa mwaka 1995. Baada ya hapo mikopo ya nyumba ya miaka mingi ikawa adimu. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, pamoja na kuanzishwa mwaka 2010 kwa kampuni ya TMRC inayoyapatia mabenki fedha za muda mrefu, vilifungua mlango upya. Kufunguka kwa mlango ni jambo jema, lakini mlango huo una ushuru wake.

Kosa kubwa la wakopaji wengi ni kuuliza swali moja tu: "Nitakatwa kiasi gani kwa mwezi?" Chukua mfano wa mkopo wa shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya deni lililobaki. Akilipa kwa miaka 10, makato ni kama Sh. 360,400 kwa mwezi. Akiongezewa muda hadi miaka 15, makato hushuka kuwa kama Sh. 322,100. Mkopaji hufurahi, maana amepata nafuu ya Sh. 38,000 na ushei kila mwezi. Sasa na ahesabu yote. Kwa miaka 10 riba peke yake ni kama milioni 23.2, kwa miaka 15 ni karibu milioni 38. Nafuu ile ya nauli na sukari imenunuliwa kwa shilingi milioni 14 na zaidi. Kwa miaka 5 riba ingekuwa milioni 10 na nusu hivi, ingawa makato yangepanda hadi Sh. 508,000, nayo si mishahara mingi inayoweza kuyabeba.

Mtego wa pili umo katika namna ya kuhesabu riba. Wako wanaotoza riba juu ya mkopo wote wa awali mpaka mwisho, hata kama nusu yake imekwisha kulipwa. Milioni 12 kwa asilimia 12 namna hiyo, kwa miaka 3, huzaa riba ya Sh. 4,320,000. Asilimia hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, riba ni kama Sh. 2,350,000. Kwa hiyo ile "asilimia 12" ya kwanza, kwa kipimo cha haki, inakaribia asilimia 21. Tarakimu iliyoandikwa kwenye tangazo haisemi kitu mpaka ijulikane inazidishwa na nini.

Kisha kuna gharama ndogo ndogo: ada ya kuandaa mkopo, mthamini, mwanasheria, usajili wa rehani, bima ya moto na bima ya maisha ya mkopaji. Aghalabu hukatwa humo humo ndani ya mkopo, mtu akapokea milioni 19 na kulipia riba ya 20. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mkopeshaji kueleza gharama zake. Mkopaji na adai maelezo hayo kwa maandishi, kwa jumla ya shilingi, kutoka kwa wakopeshaji wawili au watatu, kisha alinganishe jumla kwa jumla.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ya kupunguza riba haitangazwi sana, labda kwa sababu haimfaidii anayetangaza. Katika ule mkopo wa miaka 10, anayeongeza Sh. 50,000 kila mwezi humaliza deni katika miezi 89 badala ya 120, na huokoa kama milioni 7. Lakini lazima aulize mapema mambo mawili: je, kuna faini ya kulipa kabla ya wakati? Na je, nyongeza hiyo itapunguza deni lenyewe, au itawekwa tu kama malipo ya mwezi ujao? Aidha, ada ya shule au msiba si mambo ya kuitolea hati; kwa mahitaji hayo chama cha akiba na mikopo cha kazini chatosha.

Na nyumba si ya mtu mmoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Ridhaa hiyo isiwe sahihi ya kuombwa usiku mlangoni. Mke au mume aoneshwe hesabu hizi zote. Mkopaji akishindwa kulipa, sheria hiyo inampa notisi ya siku 60, na siku hizo ni za kwenda kuzungumza na mkopeshaji, si za kujificha. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji huhesabiwa kuwa hakutafuta bei nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Ulinzi huo upo, lakini hupiganiwa mahakamani, na mahakamani nako kuna gharama.

Deni likiisha, risiti ya mwisho haitoshi. Rehani ifutwe katika daftari la Msajili wa Hati, na hati irudi mikononi mwa mwenyewe.