Maradhi ya Maisha, Huduma ya Siku Moja: Matibabu ya Upungufu wa Homoni za Tezi Dundumio katika Kaunti ya Kakamega

Utangulizi

Mada hii inachunguza sababu zinazomfanya mgonjwa mwenye upungufu wa homoni za tezi dundumio akose huduma timilifu hata baada ya kufika mbele ya daktari, na inawalenga hasa watoaji wa huduma za afya katika Kaunti ya Kakamega. Hoja inayotetewa ni kwamba dawa ya maradhi haya inajulikana kwa zaidi ya karne moja, na kwamba kinachomwumiza mgonjwa ni mpangilio wa huduma unaomshughulikia kwa ziara moja ilhali maradhi yake ni ya maisha yote.

Tezi dundumio na maradhi yake

Tezi dundumio ni kiungo kidogo kilicho mbele ya shingo, chini ya kongomeo, ambacho hutumia madini ya iodini kutengeneza homoni inayoitwa thairoksini. Homoni ni kemikali ambayo mwili huisambaza kwa njia ya damu ili kuongoza utendaji wa viungo vingine, na thairoksini huongoza kasi ambayo mwili hugeuza chakula kuwa nguvu na joto. Homoni hiyo inapopungua, mgonjwa huchoka bila kazi, huhisi baridi wakati wenzake wanahisi joto, huongezeka uzito, hufunga choo, na hukauka ngozi. Nywele hukatika, hedhi huwa nzito, kumbukumbu hufifia na moyo hupiga polepole. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huujibu upungufu huo kwa kumimina homoni ya TSH ambayo huichochea tezi dundumio, na kwa hiyo TSH iliyopanda katika damu ndiyo dalili kuu ya kimaabara kwamba tezi dundumio imelegea.

Vyanzo vya ulegevu huo ni kadhaa. Ukosefu wa iodini, ambao huleta pia rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, ulikuwa tatizo kubwa katika nyanda za juu za Kenya, na ndio uliosababisha serikali kuagiza tangu miaka ya 1970 kwamba chumvi ya mezani itiwe madini hayo. Chanzo kingine ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, hali iliyoelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Wapo pia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa rovu na kuondolewa tezi yote, ambao hawawezi kuishi bila vidonge vya homoni hata kama jeraha limepona vizuri.

Tiba ya maradhi haya nayo si mpya. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa kwa maji yaliyokamuliwa kutoka tezi ya kondoo, na mgonjwa huyo akaishi miaka 28 zaidi. Edward Kendall aliitenga thairoksini huko Marekani mwaka 1914. Leo homoni hiyo hutengenezwa viwandani kwa jina la levothairoksini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Vikwazo katika njia ya mgonjwa

Kikwazo cha kwanza ni utambuzi. Kakamega imo katika ukanda wa malaria, na uchovu na maumivu ya mwili huelekeza fikra za mhudumu kwanza kwenye malaria, homa ya matumbo au upungufu wa damu, huku mwanamke wa makamo akiweza kuambiwa kwamba ni dalili za kukoma hedhi au mawazo mengi. Maelezo hayo huweza kuwa ya kweli na bado yasitoshe, kwa kuwa ulegevu wa tezi wenyewe huweza kusababisha upungufu wa damu na huzuni ya kudumu. Kwa hiyo kupata jibu moja si sababu ya kuacha kutafuta lingine ikiwa mgonjwa hapati nafuu.

Kikwazo cha pili ni umbali kati ya mgonjwa na kipimo. Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa kwa ngazi sita, na wengi huanzia zahanati au kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, ambako kazi ya maabara kwa kawaida haifiki kwenye vipimo vya homoni. Mgonjwa hupanda hadi hospitali za kaunti ndogo, yaani ngazi ya 4, kama vile Malava na Butere, kisha hadi Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti mjini Kakamega, na akihitaji bingwa wa homoni huenda akaelekezwa Kisumu au Eldoret. Kila ngazi humdai nauli na siku ya kazi, na asiye na uwezo huishia njiani akiwa na barua ya rufaa mkononi.

Kikwazo cha tatu, ambacho ndicho kizito zaidi, hutokea baada ya dawa kuanza. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu, kwa kuwa huchukua takriban wiki moja kiasi chake kupungua kwa nusu, na ndiyo maana TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8 ili dozi irekebishwe. Mtu mzima ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ingawa mzee au mwenye maradhi ya moyo huanzishwa kwa dozi ndogo, mara nyingi mikrogramu 25. Asiporudishwa kupimwa, dozi ndogo ya kuanzia hugeuka kuwa dozi ya miaka, naye huendelea kuugua akiaminiwa kuwa anatibiwa. Na dozi ikizidi, huudhuru moyo na mifupa.

Maelezo ya namna ya kumeza dawa nayo hurukwa mara nyingi. Kidonge humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya maziwa ya asubuhi, na hutenganishwa kwa saa nne na vidonge vya madini ya chuma au kalisi. Jambo hili ni muhimu kwa wajawazito, ambao hupewa vidonge vya chuma kliniki na ambao hitaji lao la thairoksini huongezeka kwa robo hadi nusu.

Kikwazo cha nne ni kutosikilizwa. Mgonjwa ambaye TSH yake imerudi katika kiwango cha kawaida lakini bado ana dalili hustahili kuchunguzwa sababu nyingine, badala ya kuambiwa tu kwamba majibu ni mazuri. Vilevile, kasoro ikiwa katika tezi ya pituitari, TSH pekee hupotosha, na ni lazima thairoksini yenyewe ipimwe.

Mapendekezo

Kwanza, hospitali za ngazi ya 4 ziwezeshwe kupima TSH au kutuma sampuli ya damu badala ya kumtuma mgonjwa, na kipaumbele wapewe wenye rovu, waliopasuliwa shingo, wanawake wanaochelewa kushika mimba na wenye uchovu usioelezeka.

Pili, wagonjwa hawa waingizwe katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu, kila mmoja akiwa na kadi inayoonyesha dozi, majibu ya TSH na tarehe ya kurudi. Mpango wa AMPATH, ulioanza Eldoret mwaka 2001, umethibitisha kwa wagonjwa wa VVU kwamba dawa ya kila siku na kipimo cha damu cha mara kwa mara vinawezekana magharibi mwa Kenya.

Tatu, watoto wachanga wasisahauliwe. Takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000 huzaliwa na ulegevu wa tezi, na akichelewa kutibiwa akili yake hudumaa, ilhali tone la damu ya kisigino hutosha kumtambua.

Nne, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC mjini Kakamega viyape maradhi haya nafasi katika mafunzo ya wauguzi na maafisa wa kliniki, kwa kuwa ndio wanaokutana na mgonjwa kwanza.

Hitimisho

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa mgonjwa wa tezi dundumio kiwango hicho kinafikika kwa kipimo cha damu kinachorudiwa, kidonge kimoja kwa siku na tarehe ya kurudi inayoheshimiwa na pande zote mbili. Wahudumu na viongozi wa afya wa kaunti wanaombwa waanze na hilo la tarehe ya kurudi, maana linaweza kuanza katika kliniki zilizopo, kwa wahudumu waliopo.